Jibu la Swali la Kumi na Nne

Walioanza kumwita Mama Faili walidhani wanamkejeli. Yeye alilipokea jina hilo kama wenzake wanavyopokea cheo, na tangu siku hiyo ukimwita kwa jina lake halisi huenda asigeuke. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameshika masijala ya karakana ya miguu bandia: chumba cha dirisha moja, makabati manne ya chuma, na meza ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuweka chai juu yake, hata Mkurugenzi. Wakaguzi walikuwa wamekuja wa kila namna. Walikuja wenye haraka, walikuja wenye kusinzia, alikuja hata mmoja aliyehesabu pini za karatasi. Wote waliondoka mikono mitupu bila kupata kosa, na Mama Faili aliwasindikiza hadi getini huku amejaa tele kwa furaha.

Nyuma ya masijala ndipo kazi yenyewe ilipofanyika. Kulikuwa na chumba cha plasta, ambako mzee mmoja waliyemwita Babu Plasta alichukua umbo la mguu uliobaki, akafinyanga, akachonga, akapata ganda la plastiki ambalo mguu huo ungeingia. Kulikuwa na chumba cha ngozi, ambako ganda lilishonewa mikanda na bitana laini ili lisimchubue mtu. Mwisho kulikuwa na ukumbi mrefu wenye vyuma viwili vya kushikilia, ambako watu walijifunza kutembea upya. Na karakana ile ilikuwa na desturi zake mbili. Ya kwanza, hakuna aliyeulizwa mguu wake ulipotelea wapi; akisema, anasikilizwa, asiposema, anapimwa vilevile. Ya pili, kila aliyeweka mkono kwenye mguu aliandika jina lake ndani ya ganda, ili ukimsumbua mwenye mguu ajue amlaumu nani.

Fomu ilifika Jumatatu asubuhi. Ilikuwa ya kurasa kumi na moja, na ilitoka kwa shirika kubwa la nje lililopewa fedha za msaada na serikali ya nchi yake ili lizigawe kwa karakana kama ile. Juu yake paliandikwa kwa herufi nene: Tamko la Kutohusika na Ugaidi. Serikali hiyo ilikuwa imeleta masharti mapya. Anayetaka msaada wake sharti athibitishe kwamba msaada huo, uwe fedha, kifaa au huduma, hautamfikia gaidi yeyote kwa mlango wowote.

Na tuseme ukweli, sharti lenyewe halikuwa baya. Nani anataka fedha za miguu ziende kununua mabomu ya kukata miguu? Mama Faili alilisoma akatikisa kichwa kwa kuridhika, akanoa penseli, akavuta kiti. Watu wengine hupenda harusi. Yeye alipenda fomu ndefu. Ila hii haikuwa ya mchezo. Isipojazwa na kusainiwa kufikia Ijumaa, fedha za awamu inayofuata hazitakuja, na bila fedha hizo milango ingefungwa, na watu themanini na watatu waliokuwa wakisubiri miguu wangeendelea kusubiri mpaka wachoke.

Akajaza swali la kwanza mpaka la kumi na tatu bila kuinua kichwa. Swali la kumi na nne likamsimamisha.

"Je, yupo mtu yeyote katika shirika lenu aliyewahi kutoa huduma ya aina yoyote, ikiwemo chakula, malazi au usafiri, kwa kundi lolote lililo kwenye orodha iliyoambatishwa?" Chini yake palikuwa na visanduku viwili, Ndiyo na Hapana. Mama Faili akafungua orodha. Kundi la tatu kutoka juu lilikuwa ni lile la watu wa porini, ambalo mkoa mzima ulilijua na hakuna aliyependa kulitaja akiwa anakula.

Akaweka penseli chini. Kupitia ukuta alisikia nyundo ndogo ikigonga ngozi, tap, tap, tap, bila kukosea mapigo. Huyo alikuwa Mashine.

Mashine alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na ushei, mshonaji pekee wa karakana, na walimwita hivyo kwa sababu alishona kwa mkono haraka kuliko cherehani na mshono wake haukuachia. Miaka sita nyuma alikuja pale kama wengine, kwa magongo. Mama Faili alimwandikia kadi: urefu, uzito, mguu wa kushoto chini ya goti. Hakumwuliza zaidi. Yule mwanamke mwenyewe ndiye aliyesema, "Mama, andika na yaliyobaki." Akaeleza, macho makavu kabisa, kwamba watu wa porini walimkamata barabarani akitoka kusaga unga, wakamfanya mpishi wao kwa miaka minne, na siku aliyotoroka alikanyaga bomu lililotegwa ardhini. "Andika," alisema, "nisije nikaambiwa nimeficha." Na Mama Faili, ambaye angeandika hata chafya yako kama ungemwomba, aliandika yote kwa wino.

Mashine alipata mguu wake akaenda zake. Baada ya miezi saba akarudi, uso umekunjamana, akauweka mguu juu ya meza ya Babu Plasta, pwaa.

"Aliyeshona mkanda huu alikuwa na usingizi," alisema. "Nimeufumua nikaushona upya."

Babu Plasta akaushika mshono, akauvuta, akaupeleka dirishani, akauvuta tena. "Nani kakufundisha?"

"Njaa."

"Basi njoo Jumatatu," mzee akasema, "na uje na njaa yako." Tangu siku hiyo hapakutoka mguu pale bila jina la Mashine ndani yake, na wagonjwa walioona vidonda vinakoma walianza kuuliza kwanza kama yupo kabla ya kuvua viatu.

Sasa Mama Faili akachukua fomu, akaenda nayo kwa Mkurugenzi. Huyu alikuwa mtu mwema, mdogo kwake kwa miaka kumi na mitano, mwenye moyo mkubwa na mwepesi wa hofu. Jambo dogo likimshtua, anakimbilia maji ya kunywa. Alisoma swali la kumi na nne mara mbili. Akanywa maji.

"Andika Hapana," akasema.

"Si kweli."

"Mama yangu, nani anajua? Mimi, wewe, Babu, na yeye mwenyewe."

"Na kadi yake."

"Itoe kwenye faili."

Mama Faili alimtazama mpaka yule bwana akaanza kupanga kalamu zake. "Miaka kumi na tisa," alisema polepole, "sijatoa karatasi kwenye faili. Ukitaka itoke, itoe wewe, halafu uniandikie kwamba umeitoa, nami nitaiweka barua yako mahali ilipokuwa kadi."

Mkurugenzi akakuna kichwa. Haikuwa hila mbaya, ilikuwa hofu tu, na tusimtupie mawe: alikuwa na wafanyakazi kumi na wawili shingoni mwake na wale themanini na watatu nje. Kisha akapata wazo, na uso wake ukachangamka. Mashine asiwe mfanyakazi kwa muda. Ashone nyumbani kwake, apelekewe ngozi, alipwe pembeni kwa ukarimu wa watu, na asiandike jina ndani ya ganda. Karakana ingeweza kusema Hapana bila kusema uongo, au angalau bila kusema uongo mkubwa.

Hapa ndipo nisipotaka kumficha Mama Faili. Wazo lile lilimvutia. Aliondoka nalo, akalala nalo, Jumanne nzima akalizungusha kichwani, kwa maana lingeiacha rekodi yake ya miaka kumi na tisa safi kama alivyoipenda. Ukiandika Ndiyo kwenye fomu ya namna hiyo, umeweka doa kwenye faili lako mwenyewe, kwa mkono wako mwenyewe. Jumatano asubuhi alipiga moyo konde akaingia chumba cha ngozi.

Mashine alikuwa amebana ganda la mtoto katikati ya magoti, sindano ikipanda na kushuka. Mama Faili alisimama, akajikohoza, akaeleza swali la kumi na nne na wazo la Mkurugenzi, akijitahidi kulifanya lionekane kama likizo.

Sindano ikasimama.

"Nishone, nisiandike jina?"

"Kwa muda tu, mwanangu."

"Mguu usio na jina langu sikuushona mimi, Mama. Ukimchubua mtoto huyu, mama yake atamtafuta nani?"

Mashine akaweka ganda mezani taratibu, akafuta mikono kwa aproni.

"Kama mlango utafungwa kwa sababu yangu, nitaondoka," alisema. "Sitaki watu themanini na watatu wanichukie bila kunijua. Lakini nitaondoka kwa mlango wa mbele, mchana, na wewe uandike kwamba nimeondoka na kwa nini. Kujificha nilijificha siku tisa kwenye nyasi, na hizo zinanitosha maisha yangu yote."

Mama Faili alitoka pale uso umemshuka kwa aibu. Alikuwa amekwenda kumwomba mtu afutike ili karatasi ing'ae. Alirudi masijala, akafunga mlango, akakaa. Halafu akachukua kalamu ya wino, si penseli, akatia alama kwenye kisanduku cha Ndiyo, alama nene kiasi cha kuonekana upande wa pili wa karatasi. Chini yake akaambatisha kurasa tatu: nani, lini, alikamatwaje, alilazimishwaje, alitorokaje, na tangu wakati huo ameshona miguu mingapi, ambayo ilikuwa mia sita na arobaini. Akanakili kadi yenyewe akaibandika nyuma. Alipomaliza alihisi moyo umetulia, na kifua kikampanda tena kama siku za wakaguzi.

Kumpata Mkurugenzi asaini kulichukua Alhamisi nzima.

"Unatuchimbia kaburi, Mama Faili."

"Ninajibu swali."

"Hakuna shirika duniani linaloandika Ndiyo!"

"Basi sisi tutakuwa wa kwanza. Si ulitaka tujulikane kimataifa?"

Yule bwana akacheka bila kutaka, na mtu akishacheka ameshalegea. Akanywa maji, akasaini. "Nikimwaga unga," alisema, "nitakuja kula kwako."

"Njoo, chakula kipo. Ila utaosha vyombo."

Wiki mbili zilipita, karakana nzima ikikaa roho juu. Kisha akaja Mkaguzi. Alikuwa msichana, kusema kweli, hajafika hata thelathini na tano, miwani, mkoba mweusi, na adabu ya mtu asiyetaka kuzoewa mapema. Alikaa masijala siku mbili akisoma. Mama Faili alimpa kila faili aliloomba kabla hajamaliza kuliomba. Siku ya pili alasiri akasema anataka kumwona mshonaji, na Mama Faili abaki kama shahidi.

Mashine aliingia na aproni yake, akaketi, akanyoosha mguu wa kushoto mbele kama alivyozoea. Mkaguzi akafungua daftari.

"Ulikaa nao miaka minne."

"Minne na miezi miwili."

"Ulikuwa ukiwapikia."

"Nilikuwa nikiwapikia."

"Walikulipa?"

"Waliniacha hai. Sijui nyinyi mnaandika hiyo kwenye safu gani."

Mama Faili alibana midomo asicheke. Mkaguzi hakucheka. "Kwa muda wote huo," aliuliza, "uliwahi kukataa?"

Mashine hakupepesa macho. Alipandisha upindo wa gauni kidogo, akagonga ganda la mguu wake kwa kucha, likalia kavu.

"Mara moja," alisema. "Nilikataa kwa miguu, dada. Mmoja ulibaki njiani."

Kalamu ya Mkaguzi ilisimama juu ya karatasi. Chumba cha tatu Babu Plasta alikuwa akimkaripia mtu asimwage plasta. Mkaguzi akaandika kitu, akaandika tena, akamshukuru Mashine, na Mashine akarudi kwenye kazi yake. Mlango ulipofungwa, Mkaguzi akavua miwani.

"Mama, kwa nini mmeandika Ndiyo?"

"Mmeuliza."

"Mwaka huu nimesoma matamko kama haya mia mbili na sita. Yote yameandikwa Hapana."

"Na yote ni kweli?"

Mkaguzi aliifuta miwani kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji kufutwa. Kisha akaomba maji, akanywa, akaaga. Mama Faili alimsindikiza hadi getini, lakini safari hii hakujua kama anasindikiza ushindi au msiba.

Barua ilikuja siku ya kumi na moja. Mkurugenzi aliisoma amesimama kwenye korido, halafu akaruka. Alikuwa mtu mzito, na sakafu ilimjibu.

"Tumepita! Mama Faili, tumepita! Wamekubali!"

Watu wakatoka vyumbani. Babu Plasta akaja na mikono myeupe hadi viwikoni, mgonjwa mmoja akaachia chuma cha kushikilia na kupiga makofi, akakumbuka hajui kusimama, akakishika tena. Mkurugenzi akamkumbatia kila aliyekuwa karibu. Mama Faili alikumbatiwa, akapapaswa mgongo, kisha akanyoosha mkono: "Nione."

Akaisoma palepale. Aya ya kwanza salamu. Aya ya pili ilisema shirika limeridhika, kwa sababu matibabu kwa walioumizwa na makundi hayo hayakatazwi na sheria. Aya ya tatu ilisema hivi: kwa hiyo mwanamke huyo atatambuliwa kama mgonjwa anayehudumiwa na karakana, na asionekane tena katika orodha ya wafanyakazi.

"Aya ya tatu," akasema.

"Nimeiona," Mkurugenzi akajibu, sauti imeshuka. "Ni maneno ya karatasi tu, mama yangu. Yeye ataendelea kushona. Kwenye karatasi awe mgonjwa, kuna ubaya gani?"

"Maneno ya karatasi ndiyo kazi yangu."

"Wametupa, Mama! Mtu akikupa, unamrudishia umwambie kakosea?"

Mama Faili akageuka. Alikwenda chumba cha ngozi na barua mkononi, na mara hii hakujikohoza wala hakupamba. Aliisoma yote kwa sauti, neno kwa neno. Kisha akasema, "Nikinyamaza, fedha zinaingia wiki ijayo. Nikiwaandikia kwamba wamekosea, wanaweza kukasirika wakafunga mfuko. Sikufichi. Mara ya kwanza nilikuja hapa nimeshaamua kwa niaba yako, na ninakuomba radhi. Leo nakuuliza. Uandikwe nani?"

Mashine alikuwa akichonga ukingo wa mkanda kwa kisu. Hakukiweka chini. Aliendelea kidogo, ngozi ikimeguka vipande vyembamba.

"Wale wa porini waliniita mpishi," alisema, "hawakuniuliza. Hawa wananiita mgonjwa, nao hawakuniuliza. Mgonjwa nilikuwa, Mama. Nilipona. Siku niliyorudi hapa kugombana na Babu nilikuwa nimeshapona."

"Na watu themanini na watatu?"

"Hao nani atawashonea? Mgonjwa?" Akainua kichwa, na macho yake, ambayo Mama Faili hakuwahi kuyaona yakilowa, yalikuwa yamelowa. "Niandike fundi. Wakikataa, wamkatae fundi. Hiyo nitaivumilia."

Jamani, Mama Faili alikuwa ameandika barua nyingi maishani, lakini hiyo aliiandika kana kwamba amezaliwa kwa ajili yake. Ilikuwa fupi. Alishukuru. Akaeleza kwamba katika aya ya tatu kuna kosa la kumbukumbu. Miguu themanini na mitatu inayofadhiliwa itashonwa na mtu huyu, kwa kuwa karakana haina mshonaji mwingine. Kama mtu huyu ni mgonjwa, basi hiyo miguu haina aliyeishona, na yeye, mtunza masijala, hawezi kusaini taarifa inayosema miguu imetengenezwa na hewa. Tafadhali rekebisheni: si mgonjwa, ni fundi. Nakala kwenye faili.

Mkurugenzi aliisoma. Kwanza alikunja uso, halafu akafika kwenye ile hewa, mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko. Akasimama dirishani muda mrefu akitazama ua, ambako foleni ya asubuhi ilikuwa imeshakaa kwenye benchi, magongo yameegemezwa ukutani. Mama Faili alidhani anakwenda kunywa maji. Hakunywa.

"Nilitaka ashone bila jina," alisema, bado amempa mgongo. "Mimi niliyemwajiri." Akageuka, akasaini kwa herufi kubwa kuliko alizozoea, akaipeleka mwenyewe.

Jibu halikuja wiki ile wala wiki iliyofuata. Plasta ilianza kuisha, Babu akawa anaipima kwa kijiko na kumtazama kwa jicho baya anayeigusa. Mfanyakazi mmoja alianza kutafuta kazi kwingine, nani atamlaumu. Mashine alishona ngozi iliyobaki, kisha vipande vya ngozi, kisha akaanza kushona upya mikanda ya zamani ya watu waliopita, bure, ili mikono isikae. Mama Faili alipita mlangoni pake kila asubuhi, wanasalimiana, na hakuna aliyetaja barua. Lakini tangu azaliwe hakuwahi kutembea na kichwa kimeinuka kama wiki zile, na alijishangaa, kwa sababu kwa mara ya kwanza hakuwa na uhakika wa kufaulu ukaguzi.

Siku ya ishirini na tatu, saa nne asubuhi, barua ikafika. Mkurugenzi hakuifungua. Aliileta masijala, akaiweka mezani, akarudi nyuma hatua moja.

Mama Faili akaichana kwa rula. Ilitoka kwa Mkaguzi mwenyewe. Fedha zilikuwa za mwaka mmoja tu, tofauti na miaka mitatu waliyozoea. Angekuja mkaguzi kila baada ya miezi mitatu, bila kutoa taarifa, na Mkurugenzi aliposikia hilo alishika tama. Mama Faili hilo lilimfanya atabasamu. Kila miezi mitatu, na waje, makabati yapo. Kisha akasoma mstari wa mwisho, akausoma tena kimoyomoyo, akainuka.

Alikwenda chumba cha ngozi kwa haraka ambayo hakuna aliyewahi kumwona nayo. Mkurugenzi nyuma, Babu Plasta nyuma ya Mkurugenzi, na wagonjwa wawili wenye magongo nyuma ya Babu. Mashine alikuwa ameinama juu ya mkanda mkuukuu, uzi mdomoni.

"Wamekubali," Mama Faili alisema.

"Wamekubali nini?" Mashine aliuliza, uzi bado mdomoni.

Mama Faili akasogeza karatasi mbali kidogo na macho, akasoma: "Kumbukumbu zetu zimerekebishwa. Mwanamke aliyetajwa katika jibu la swali la kumi na nne ameandikwa katika orodha ya wafanyakazi wenu. Kazi: fundi."

Hakuna aliyepiga makofi. Babu Plasta alifuta pua kwa mkono wenye plasta, ikabaki nyeupe. Mashine aliutoa uzi mdomoni, akautia kwenye tundu la sindano mara ya kwanza tu, akafunga fundo. Akashona mshono mmoja, akashona wa pili, sindano ikasimama.

"Mama," akasema bila kuinua kichwa. "Hapo mwishoni. Soma tena."

Mama Faili alisoma tena.

"Tena," akasema Mashine.